Kura Aliyorudishiwa Keturah

Dada yangu Keturah alifiwa na mume vita vya kujitenga na Mfalme wa Uingereza vikiwa vinaelekea ukingoni. Moses Tichenor alikamatwa na askari wa Mfalme, akatiwa katika meli chakavu waliyoigeuza gereza huko bandarini New York, akafia humo kwa kuhara. Hatukupewa hata mwili tuzike. Alichomwachia mkewe ni shamba, tena kwa wosia ulio wazi: nyumba ya mawe, malisho kando ya mto, na matufaha mengi kiasi kwamba vuli ikiingia, mji wetu mzima wa Pennbrook ulinuka matufaha yaliyosagwa. Walikuwa wamezaa mtoto mmoja tu, naye hakufikia kutembea.

Mimi ni Phebe, mdogo wake. Niliolewa na Silas Condit, mwenye kiwanda cha kupasulia mbao, na nyumba yetu na ya Keturah zilitazamana, barabara tu katikati. Asubuhi nikifungua dirisha namwona kule ng'ambo na ndoo zake, ananipungia mkono, nami nampungia. Tuliishi hivyo miaka mingi.

Wakati huo sheria ya New Jersey ilimuuliza mtu ana mali gani, haikumuuliza amevaa suruali au gauni. Mjane mwenye shamba lake alipiga kura. Binti asiyeolewa mwenye mali yake alipiga kura. Mtu mweusi aliye huru, mwenye chake, naye alipiga. Mimi niliyekuwa na mume sikuwa na changu hata kijiko, kwa hiyo sikupiga. Sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo la kulilia. Niliona ndivyo dunia ilivyo.

Mara ya kwanza Keturah kwenda kupiga kura ilikuwa katika uchaguzi wa Kongresi, mwaka wilaya yetu ilipopewa kiti chake peke yake. Vyama viwili vilikuwa vinang'oana macho, na Silas wangu alikuwa mtu wa chama cha Wafederali wa kufa na kupona. Alimtuma mtu na gari la farasi kukusanya wajane wote wa upande wetu, kisha akaja mwenyewe mlangoni kwa Keturah na kofia mkononi.

"Shemeji, panda twende. Leo tunamtia mtu wetu Kongresi."

"Mtu wenu nimemsikia akihutubia," Keturah akasema. "Anaongea kama anayelipwa kwa neno."

"Ataongea vilevile kule Philadelphia, shida iko wapi? Panda, mvua inakuja."

"Nitapanda. Ila nitakachoandika ni changu."

Silas akacheka sana. Alimpenda Keturah siku zile, nawaambia kweli. Alimwona mwanamke mwenye akili kuliko wanaume wengi wa kanisani kwetu.

Aliporudi nilivuka barabara mbio kumuuliza. Nikamkuta anavua viatu vyenye tope, uso umemwiva.

"Umemchagua nani?"

"Muulize mumeo kama kura zilimtosha."

"Dada, niambie bwana!"

Hakuniambia, siku ile wala siku nyingine. Ila alisema kitu kimoja. Alisema alipofika mezani, karani aliita "Keturah Tichenor" kwa sauti, ukumbi mzima wa nyumba ya wageni ukageuka kumtazama, naye akahisi kana kwamba tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwita kwa jina lake. "Sikuitwa mjane wa Moses, Phebe. Wala binti wa baba. Mimi."

Tangu hapo hakukosa uchaguzi hata mmoja. Alikuwa akienda na jirani yake wa upande wa mto, Jube Prall, mhunzi. Jube alizaliwa mtumwa wa akina Prall, akajinunua mwenyewe kwa kazi ya usiku miaka na miaka, akanunua na kiwanja chake, akaoa, akazaa wana watatu wenye mabega kama yake. Keturah alimpitia na gari lake, wakaenda wakibishana njia nzima, maana Jube alikuwa wa chama kile kingine.

"Leo nakwenda kuifuta kura yako, Bi Keturah," angesema Jube akipanda.

"Na mimi yako. Si bora tungebaki nyumbani tukanywa?"

"Wewe ungenywa, halafu ungetoroka ukaenda peke yako. Nakujua."

Basi, huyo ndiye aliyekuwa dada yangu. Sasa nieleze habari ya Lambert Roome.

Lambert alikuja Pennbrook akiwa mtu mzima, mjane wa kiume, fundi wa magurudumu. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye mikono mizuri. Kazi yake ya kwanza kwetu ilikuwa gari la Keturah, na gari lile sijui lilikuwa na ugonjwa gani, maana lilimwita kila wiki. Vuli ile nilimwona dada yangu akisuka nywele upya mchana. Nilimwona akicheka mpaka anashika ukuta. Jioni Lambert alikaa naye kizingitini, wananywa pombe ya matufaha, na mimi kutoka dirishani kwangu nilimshukuru Mungu.

Alimposa majira ya baridi. Keturah alivuka kuja kwetu kumuuliza Silas, aliyekuwa hakimu mdogo wa mahali petu, sheria inasemaje.

"Ukiolewa, shamba linakuwa mikononi mwa mume," Silas akasema. "Ndivyo ilivyo. Labda wakili mkubwa wa mjini anaweza kulifungia kwa mkataba, likabaki lako."

"Na kura?"

"Kura ya nini tena? Mke hapigi kura. Mumeo atapiga, basi ni kama mmepiga wote."

"Mkiketi kula na Phebe, Silas, ukila wewe yeye anashiba?"

Nilicheka, Silas akanitazama, nikaacha.

Nilimsihi sana dada yangu. Nilimwambia karatasi ya kura haimpashi mtu joto kitandani. Nilimwambia mtu mwenye moyo kama wa Lambert hampati tena. Alinisikiliza. Najua alikuwa amekwisha kuelekea kukubali, kwa sababu alitoa shuka zake za kitani kabatini akazianika. Kisha Lambert akaja Jumapili baada ya ibada, nami nilikuwepo jikoni kwa dada nikimenya viazi.

"Keturah, mimi si mtu wa kukubana," Lambert akasema. "Shamba utaliendesha kama unavyotaka. Nitakuruhusu."

Keturah alikuwa amemgeuzia mgongo, anakoroga uji wa mahindi. Mwiko ukasimama.

"Utaniruhusu?"

"Ndiyo. Kila kitu."

"Shamba nimeliendesha tangu nywele zangu nyeusi, Lambert. Sijawahi kuruhusiwa."

"Sikuwa na maana mbaya."

"Najua huna. Wewe ni mtu mwema. Siku ukiamka vibaya je? Au ukifa, akaja ndugu yako ambaye hana wema wako?"

Lambert hakuwa mtu wa maneno. Alikaa, akazungushazungusha kofia, akasema angengoja. Alingoja hadi mwaka ukapinda. Halafu watu wa upande wetu wakaanza kuhamia Ohio, kila mtu anataka gari imara, akatengeneza magari yao yote, na la mwisho akalipanda yeye mwenyewe. Asubuhi aliyoondoka Keturah hakutoka nje. Mwaka uliofuata mwendesha magari mmoja aliyerudi kutoka huko alitupasha habari dukani, hata bila kujua anamwambia nani, kwamba yule fundi mrefu wa Pennbrook alikufa kwa homa kabla hajaezeka nyumba. Keturah alikuwa ananunua chumvi. Alichukua chumvi yake, akatoka.

Nilimfuata. Nikamkuta amekaa kwenye gari, hajashika hatamu, farasi anamngoja.

"Usiseme kitu," akaniambia. "Nilichagua mwenyewe. Niache nikae na nilichochagua."

Alikaa nacho. Alizidi kufanya kazi, alizidi kukaa kimya, na siku za uchaguzi alivaa gauni lake la kanisani.

Ikaja ile fujo ya kugombania mahali pa kujenga mahakama ya wilaya. Kila mji uliitaka kwake, ikaitishwa kura, na watu wazima wenye heshima zao wakaingiwa na wazimu. Walipiga kura watoto. Walipiga kura wageni waliokuwa wanapita njia. Wanaume walipiga kura asubuhi kwa suruali na mchana kwa magauni ya wake zao. Mwisho wa yote hesabu ilikuwa aibu tupu, na aibu ikitokea lazima atafutwe wa kubebeshwa.

Silas alinipa habari mezani, kabla ya majira ya baridi mwaka huohuo, akikata nyama.

"Bunge la jimbo kule Trenton limepitisha sheria. Kuanzia sasa ni wanaume weupe tu. Mambo yatatulia."

"Na Keturah?"

"Keturah ni mwanamke, Phebe. Hujui?"

"Si mlikuwa mnamtumia gari?"

"Ilikuwa zamani. Uliiona fujo ile."

"Niliona wanaume wamevaa magauni. Sasa wanaume wakivaa magauni, anayefungiwa mlango ni mwenye gauni?"

"Usinichoshe. Nataka kula." Akatafuna, akameza. "Wewe ndiye ndugu yake, ukamwambie. Kwa upole."

Hakuna upole wa jambo kama lile. Nilimkuta Keturah ghalani akipanga mapipa, nikamwambia kama lilivyo. Aliuliza nani alipinga. Nikamwambia Silas anasema karibu hakuna.

"Chama chake?"

"Vyote viwili, dada."

"Kwa hiyo hili wamepatana," akasema. Akaendelea kupanga mapipa.

Nilidhani yameishia pale. Lakini mwaka uliofuata uchaguzi wa Kongresi ukafika. Ulikuwa mwaka mbaya kwa kila mtu. Serikali ilikuwa imepiga marufuku meli kwenda ng'ambo, bandari zimekufa, pombe ya matufaha ya Keturah inachacha kwenye mapipa bila mnunuzi, na mbao za Silas zimerundikana hadi zinaota ukungu. Watu walikuwa na hasira, kila mmoja ana lake la kuwaambia wale wa Kongresi. Siku ya uchaguzi mvua ilianza alfajiri. Silas alitoka mapema kwa sababu ndiye aliyekuwa msimamizi wa sanduku. Nami nilipotazama dirishani nikaona Keturah anafunga farasi, amevaa gauni la kanisani.

Nikavuka mbio.

"Unakwenda wapi?"

"Unajua ninakokwenda."

"Watakurudisha."

"Basi wanirudishe. Nataka nione ni nani atakayenirudisha."

"Ni Silas, dada! Silas ndiye yuko mezani."

Alifunga mkanda wa mwisho. "Panda au baki," akasema.

Nikapanda. Jube alikuwa anatungoja njiani kama siku zote, koti la mvua begani. Safari hii hakuna aliyetania. Alisema tu, "Bi Keturah. Bi Phebe," akaketi nyuma, na gari likaenda ndani ya tope.

Nyumba ya wageni ilikuwa imejaa moshi wa kiko na harufu ya sufu iliyolowa. Wanaume walikuwa wamepanga foleni mpaka barazani, wengi wamekwishalewa. Walipotuona wakajibana kutupisha, wengine kwa adabu ya mazoea, wengine kwa kutaka kuona kioja cha bure kitakavyokuwa.

Jube alitangulia. Alivua kofia, akaweka karatasi yake mezani. Silas hakuigusa.

"Jube, sheria unaijua."

"Naijua, bwana hakimu. Nimekuja kuisikia kinywani mwako."

"Huwezi kupiga kura."

"Kodi ya mwaka huu mlipokea."

"Kodi ni kodi."

"Na mwaka ule mwanangu alipoumwa nikaja kwenye baridi nikampigia kura jirani yenu ninyi nyote hapa, nilikuwa nani?"

"Sogea, mzee, unazuia watu!" akapaza sauti mmoja nyuma. Jube akaichukua karatasi yake, akaikunja, akaitia ndani ya koti. Hakusogea mbali. Alisimama kando ya ukuta, kumngoja Keturah.

Dada yangu akafika mezani. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, anapanga kalamu ambazo zilikuwa zimepangika.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "tafadhali. Usinitie aibu mbele za watu."

"Niite jina, Silas."

"Keturah, nenda nyumbani. Nitakuja jioni tuongee."

"Karani huwa anaita jina. Niite."

Karani, kijana wa akina Haines, alimtazama Silas, Silas akatikisa kichwa. Keturah akaweka karatasi yake mezani, akaisukuma kwa kidole mpaka karibu na sanduku. Silas akaweka kiganja juu yake. Kwa muda vidole vyao vilikuwa karibu kugusana, vya Keturah vimepasuka kwa baridi, vya Silas safi, na pete. Kisha Silas akairudisha karatasi ile polepole mpaka ukingoni mwa meza, ikaanguka chini.

"Mama, nenda ukapike supu!" mtu akapiga kelele. "Wanaume tunalowa huku nje!"

Wakacheka. Si wote. Wengine walitazama miguu yao. Lakini hakuna aliyesema neno, na mle ndani kulikuwa na watu waliokula kwa Keturah mwaka wa njaa, watu ambao aliwazalishia wake zao. Nami nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, namtazama mume wangu. Alinitazama mara moja tu, halafu akasema, "Anayefuata."

Jube ndiye aliyeinama akaiokota karatasi. Alimpa Keturah kwa mikono miwili.

Tulimshusha Jube kwake, mkewe akatoka mlangoni, akatutazama nyuso, akarudi ndani bila kuuliza. Kwa Keturah niliwasha moto nikamvua viatu, maana vidole vyake havikuweza kufungua kamba. Aliketi akiutazama ule moto. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Unajua ninachofikiri?" akasema baadaye. "Nafikiria uji."

"Uji gani, dada?"

"Ule niliokuwa nakoroga. Lambert amekaa pale. Ningegeuka tu. Ningegeuka nikamtazama usoni, ningesema ndiyo, ningekwenda naye Ohio au asingekwenda kabisa." "Nilimkataa mtu kwa ajili ya kitu ambacho wanaume wachache walinipokonya kwa kunyoosha mikono, halafu wakaenda kula chakula cha mchana."

Niliwahi kumwambia maneno yanayofanana na hayo, nikijiona mwenye hekima. Siku ile nilipoyasikia kinywani mwake nilitamani nisingekuwa nimeyasema.

"Ulikuwa na shamba lako," nikasema. "Ulikuwa na maisha yako."

"Nilikuwa nayo," akasema. "Nenda nyumbani, Phebe. Mumeo atarudi na njaa."

Silas alirudi amelowa hadi mifupani. Chama chake kilikuwa kimezidiwa, na siku chache baadaye ilijulikana kuwa New Jersey nzima kiti hata kimoja hawakupata. Alilalamika kuhusu mvua, kuhusu walevi, kuhusu bandari. Nilingoja aseme neno moja la Keturah. Alipopanda kitandani akasema, "Nilifanya nilivyotakiwa kufanya. Kama ningempokea yeye, wangelichoma sanduku zima." Nadhani ilikuwa kweli. Nilimgeuzia mgongo, yeye na ukweli wake.

Tangu siku ile Keturah hakukanyaga nyumbani kwetu. Hakumtukana Silas, hakumsema kwa watu. Wakikutana barabarani, alimpita kana kwamba anaupita mti. Silas aliumia, nililiona hilo. Mara mbili alimpelekea mbao za kuzibia ghala, na mara mbili mbao zililala kando ya barabara mpaka zikaoza. Mimi nilivuka na kuvuka, kutoka moto huu kwenda moto ule, na kila nilipokuwa nilihisi nimemwacha mtu.

Shamba nalo likaanza kupungua nguvu, au yeye ndiye aliyepungua. Alikodisha malisho. Matufaha ya upande wa mto aliyaacha yaanguke, nguruwe wa watu wakala. Majira ya kuchipua, mwaka wa tatu, mapafu yakamshika, na hakushindana nayo. Nilikaa naye mpaka mwisho. Siku moja kabla, akili zake zikiwa timamu, alinishika mkono akaniambia jeneza lake libebwe na Jube na wanawe.

"Na Silas?"

"Silas asiguse."

"Dada, ni mume wangu. Watu watasema."

"Waseme," akasema. "Wana ruhusa."

Nilimwambia Silas. Alikaa kitako kwenye ngazi ya jikoni, mtu mzima yule, hakimu, mzee wa kanisa, akakaa hapo mpaka giza likaingia. Sikukaa naye.

Tulimzika siku ya tope. Jube na wanawe watatu walimbeba kutoka nyumbani mpaka makaburini, wakipokezana pembe, bila kupumzika. Baadhi ya watu wa kanisa hawakulipenda jambo hilo, wakabaki langoni. Silas alitembea nyuma kabisa, peke yake, kofia mkononi, mvua inamtiririka shingoni. Hakuna aliyesogea kumfunika. Mchungaji alisoma upesi, udongo ukarudishwa, Jube akampangia mawe pembeni ili maji yasimle.

Nyumbani Silas alivua viatu mlangoni, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Akaniuliza kama kuna chochote cha kula. Kulikuwa na nyama baridi na mkate wa mahindi wa jana. Nikamwekea, nikajiwekea na mimi, tukala, na dirisha la ng'ambo ya barabara lilikuwa jeusi.